Zilipendwa za gemu: Kwa nini Contra ya utotoni Tabora ilikuwa tamu kuliko hii iliyo kwenye simu yako

Muulize mtu wa miaka 35 aliyekulia Tabora gemu bora kuliko zote ni ipi. Hatakutajia iliyotoka mwaka jana. Atakwambia Contra. Au Mario. Au Tekken 3, na hapo ataanza kukuonyesha kwa vidole jinsi alivyokuwa anawachakaza watu na Eddy Gordo. Kama alikuwa mtu wa mpira atasema Winning Eleven, na kwake mjadala umefungwa.

Sasa mpe simu. Gemu hizo zinachezeka leo kwenye simu janja ya kawaida kupitia emuleta, yaani programu inayoifanya simu ijifanye mashine ya zamani. Contra nzima ina kilobaiti 128. Kuna picha za harusi unatumiwa WhatsApp ambazo ni nzito kuliko hiyo.

Atacheza dakika kumi. Atakufa, atacheka, atakufa tena, kisha atarudi kuangalia status za watu. Kesho hataifungua.

Lakini muulize tena wiki ijayo gemu bora ni ipi. Contra.

Mtu huyu hadanganyi, ila anachokisifia sicho alichoshika mkononi. Na Tabora ni sehemu nzuri sana ya kulielewa jambo hili, kwa sababu ya namna gemu zilivyofika huku.

Zilifika zikiwa na umri tayari

Tabora imezoea kupokea vitu vilivyotoka mbali. Enzi za misafara, kitambaa na shanga vilibebwa kichwani na mabegani kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na pembe za ndovu zikateremka njia hiyo hiyo kwenda pwani. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kufika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii. Reli ilipofika 1912, safari ikawa ya siku chache.

Gemu nazo zilipita njia inayofanana na hiyo. Mzigo unatua Dar, unauzwa Kariakoo, unapanda treni au basi, unashuka Tabora, mwingine unaendelea mpaka Kigoma. Ila mtaa haukuweza kucheza gemu bila televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo nani angenunua TV, aangalie nini?

Kwa hiyo angalia tarehe vizuri. Mashine ya Nintendo ambayo wengi wetu tulicheza nakala zake za Kichina ilitoka Japani mwaka 1983. Super Mario Bros ni ya 1985. Contra ya mashine hiyo ni ya 1988. Watoto wengi wa Isevya na Ng'ambo walizishika mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000, wakati huko zilikotoka watu walishahamia kwenye PlayStation, ambayo Japani iliingia sokoni Desemba 1994.

Yaani gemu iliyoitwa "mpya" mtaani kwetu ilikuwa zilipendwa kwao.

Fikiria watu wawili. Mjapani aliyezaliwa 1978 alicheza Contra akiwa na miaka 10. Mnyamwezi aliyezaliwa 1990 naye aliicheza akiwa na miaka 10, mwaka 2000. Kwa Mjapani gemu ilikuwa ndiyo imetoka kiwandani. Kwa Mnyamwezi ilikuwa na miaka 12 tayari. Wakutane leo, wote watakwambia ni gemu bora ya maisha yao, tena kwa sauti ile ile ya mtu anayemkumbuka bibi yake.

Kama utamu ungetokana na gemu kuwa mpya, au na teknolojia ya wakati wake, mmoja wao angepaswa kuwa na maoni tofauti. Walichofanana ni umri wao walipoicheza.

Wanasaikolojia wanaifahamu hali hii. Ukiwaomba watu wazima wakumbuke matukio ya maisha yao, kumbukumbu nyingi zaidi zinarundikana kwenye kipindi cha kati ya miaka 10 na 30 hivi. Nyimbo, filamu na wachezaji wa mpira unaowaona bora mara nyingi wanatoka humo. (Mimi ni wa kizazi cha PS2. Kwangu gemu bora ni GTA San Andreas ya 2004, na sitaki ubishi. Unaona?)

Banda lenyewe lilikuwaje hasa?

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, akiwemo Terence Mitchell, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokwenda likizo, wengine safari ya baiskeli ya wiki tatu California. Waliwauliza kabla ya safari, wakiwa safarini, na baada ya kurudi. Kabla, walitegemea raha. Njiani wakalalamika, maana mvua iliwanyeshea na walichoka. Waliporudi, siku chache tu baadaye, safari ilishageuka kuwa nzuri kuliko walivyoisema wenyewe walipokuwa humo ndani. Malalamiko yalififia, picha nzuri zikabaki.

Sasa rudi kwenye banda la gemu. Unalikumbuka vipi?

Chumba kidogo, bati juu, mchana wa Oktoba kabla ya mvua, watoto kumi na tano wamebanana kwenye benchi mbili. Joto ni lile la Tabora, huhitaji kuelezwa. Padi moja haina kitufe cha mviringo na kila mtu anaikwepa, ila mgeni ndiye anapewa. Umepanga foleni saa nzima na sarafu imelowa jasho mkononi. Zamu yako ikifika unafungwa bao tatu na kaka mmoja wa sekondari, na sheria ya banda ni kwamba aliyefungwa ndiye analipa. Dakika zako zimeisha. Rudi nyuma ya foleni, au nenda nyumbani ukaeleze ile hela ya chumvi imekwenda wapi.

Na hapo bado umeme haujakatika. Waliokuwa wadogo wakati wa mgao wa 2006 wanajua: mechi ipo dakika ya 80, unaongoza, kioo kinaingia giza. Nani analipa? Mwenye banda anasema wote wawili. Hakuna aliyewahi kushinda kesi hiyo.

Wengine walichapwa kwa sababu ya banda. Wazazi wengi waliliona kama kijiwe cha wahuni na wezi wa ada, na hawakuwa wamekosea kabisa, maana utoro wa shule ulikuwepo.

Hayo yote tuliyaishi. Tulichobaki nacho ni kelele za kushangilia, kaka yule wa sekondari (ambaye siku hizi tunamsifia kwamba alikuwa hatari sana), na ile siku moja ulimfunga. Moja tu. Ndiyo unayoisimulia miaka ishirini sasa.

Ndiyo maana Contra kwenye simu inaboa. Contra ni gemu ya watu wawili. Una nyoyo tatu, risasi moja inakuua, na ugumu wake una asili yake: toleo la kwanza la 1987 lilikuwa la mashine za kulipia sarafu, ambazo zilitaka ufe haraka ulipe tena. Kibandani ugumu ule ulikuwa burudani ya chumba kizima, kila ukifa kuna mtu anakupigia kelele jinsi ulivyopaswa kuruka. Peke yako kitandani saa tano usiku, ugumu ni ugumu tu.

Lakini si yote yako kichwani

Hapa natofautiana na wanaosema kumbukumbu inatudanganya kwa kila kitu. Kuna mambo ambayo kweli yalikuwa bora zamani, na yanaweza kuelezwa bila hisia.

Chukua picha. Ukifungua Mario kwenye TV bapa ya kisasa unaona vijiboksi vyenye kona kali, kama mtu kapanga vigae. Unajiuliza, hivi ilikuwa mbaya hivi? Hapana, haikuwa hivi. Mashine ile ilitoa picha ya nukta 256 kwa 240, na waliochora walijua itaonyeshwa kwenye TV ya chogo. Chogo halionyeshi nukta kali. Miale yake inazitawanya kidogo, rangi mbili zilizo jirani zinaingiliana, kona zinalainika. Wachoraji waliutumia ukungu huo makusudi kupata vivuli na miviringo ambayo mashine haikuwa na uwezo wa kuichora. TV bapa inazikuza nukta zile zile mara nne au tano na kuzianika zilivyo. Jicho lako la utotoni halikuwa na shida. Kilichobadilika ni kioo.

Mfano mzuri kuliko wote ni ile bunduki ya kupiga bata. Duck Hunt, gemu ya 1984. Kila aliyekuwa na ile mashine ya plastiki alitaka iwe na bunduki, na kila mtaa ulikuwa na mtoto anayeisogeza hadi inagusa kioo.

Bunduki ile haitoi kitu chochote. Inapokea mwanga. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi sana, kisha mahali alipo bata panatokea boksi jeupe. Kama mdomo wa bunduki umeelekezwa pale, kijicho cha ndani kinauona mweupe ule na gemu inahesabu umempata. Yote yanatokea katika sehemu ndogo ya sekunde, na yanategemea chogo kuchora picha papo hapo. TV bapa inapokea picha, inaichakata kwanza, ndipo inaionyesha. Ni ucheleweshaji mdogo ambao huwezi kuuona kwa macho, ila kwa bunduki ni kama msafara umeshapita. Chomeka mashine ile ile, bunduki ile ile, kwenye TV mpya ya nchi 43: hupati bata hata mmoja.

Vilevile padi. Ile ya zamani kidole kinajua kitufe kilipo bila kuangalia. Kwenye kioo cha simu kidole gumba kinateleza na kinafunika nusu ya uwanja. Anayesema "nimepoteza uwezo" baada ya kucheza Tekken 3 kwenye simu anajionea tu.

Halafu kuna bando. Snake kwenye Nokia, mchezo ambao Taneli Armanto aliutengeneza kwa ajili ya Nokia 6110 ya 1997, haukuhitaji intaneti. Haukukuonyesha tangazo kila nyoka akijigonga. Haukukuuzia mkia mrefu. Betri ilikaa siku kadhaa, ukiwa Sikonge au Urambo kijijini ambako umeme haukufika ulicheza vizuri tu kama aliyeko Posta Dar.

Linganisha na leo. Konami waliotupa Winning Eleven waliigeuza PES kuwa eFootball mwaka 2021, gemu ya bure ya kuingia mtandaoni. Ilipotoka Septemba 30 ilipokewa kwa hasira, wachezaji wakaipa maoni mabaya kupindukia kwenye Steam, soko la gemu za kompyuta. Imerekebishwa sana tangu hapo, ila mfumo ni ule: masasisho yanakula bando, na wachezaji wakali unawapata kwa bahati nasibu au kwa hela. Adriano wa PES 6 ya mwaka 2006, mwenye nguvu ya shuti 99, ulimkuta kwenye CD siku ya kwanza. Ulimtumia hadi watu wakakataa kucheza na wewe.

Ukilalamikia hilo hulilii utoto wako. Unalalamikia biashara, na mtoto wa miaka 12 wa leo ana sababu ya kulalamika zaidi yako kwa sababu yeye hana mshahara.

Kinachobaki na kinachopotea

Kuna mtego mwingine. Tabora ilikuwa mji wa muziki: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, bendi tatu katika mji mmoja. Wazee watakwambia muziki wa enzi zile wote ulikuwa mzuri. Lakini nyimbo tunazozisikia leo ni zile zilizopata bahati ya kurekodiwa, nyingi Radio Tanzania, zikatunzwa, zikapigwa na kupigwa. Zilizochosha wacheza dansi ukumbini Jumamosi ile hazikupata kanda. Neno lenyewe liko wazi, zilipendwa. Zisizopendwa hazina kipindi redioni.

Kumbukumbu ya njia ya misafara nayo imechujwa hivyo hivyo. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaonyeshwa tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya safari kama zile, ambao walikuwa wengi mno kuliko wazungu wawili, hawana tembe la kuonyesha.

Kwenye gemu ni hivyo hivyo. Kaseti ziliandikwa "64 ndani ya 1", au namba kubwa ya kuchekesha kama 9,999,999, na ukiingia unakuta gemu chache zimerudiwa kwa majina tofauti. Nitajie kumi kutoka kwenye kaseti yako. Utafika nne, labda tano. Zilizobaki zilikuwa mbovu na uliziruka. Na ubovu ule ulikuwa wa dunia nzima: mwaka 1983 kampuni ya Atari ilifukia shehena ya kaseti zilizokosa wateja, zikiwemo za gemu ya E.T., kwenye dampo la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Zilifukuliwa 2014.

Kwa hiyo ukilinganisha gemu za zamani na za sasa, unalinganisha tano bora zilizochujwa kwa miaka 25 na kila takataka iliyoko kwenye Play Store leo asubuhi. Mechi haiko sawa.

Upande wa pili pia ni kweli, nzuri nazo zinapotea. Taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu ilitoa utafiti mwaka 2023: asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia halali sokoni. Zinaishi kwenye emuleta na kwenye flashi za watu. Huku kwetu vijana wameenda mbali zaidi, wanachukua gemu ya mpira ya PSP, mashine ya zamani, wanaipandisha jezi za Simba na Yanga, inachezeka kwenye simu bila intaneti. Gemu kuukuu, na mwenye miaka 14 anayeicheza haijui kuwa ni kuukuu. Kwake ndiyo hiyo inaanza kuwa bora kuliko zote.

Huyo ndiye wa kumfikiria kabla hujamwambia mdogo wako kwamba gemu za siku hizi si kitu. Baba yake jirani alimwambia kaka yako hivyo hivyo kuhusu banda, na kabla yake kuna mzee aliyekuwa anaona vijana wanaacha bao. Kama unataka kumwonyesha ulichokipenda, usimtumie faili. Kaa naye chini, padi mbili, ucheze naye, umwache akufunge na akucheke.

Na kama una hela ya kununua zile vijiti vya gemu vya kuchomeka kwenye TV, vinavyoandikwa gemu 10,000, jua unachonunua. Ndani kuna zile zile tano zako, na nyingine maelfu usizozifungua. TV yako ikiwa bapa, tafuta kwenye mipangilio kitu kinachoitwa "game mode", kinapunguza ule ucheleweshaji. Kwa Mario na Contra utasikia tofauti.

Kwa Duck Hunt haitasaidia. Unahitaji chogo, na machogo yanaisha. Mafundi wengi hawataki tena kuyapokea, vipuri hakuna, na yaliyokuwa yamekaa juu ya makabati yanauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama lako bado linawaka, usiliuze mwezi huu.